Dole Lisilo Mistari

Njoo, dole langu, kaa hapa mkekani,
tuseme mie na wewe kabla hakujapambazuka.
Leo tunakwenda Wete, mahakamani.
Nimekuosha kwa ndimu, nimekukata ukucha,
asije hakimu akasema tumemletea mchanga wa pwani.

Miaka hamsini umesokota usumba.
Makumbi tuliyazika topeni, yakaoza, tukayafukua, tukayafua,
nawe ukayaviringa juu ya paja langu
kamba baada ya kamba,
hata ukawa laini kama kombe lililosuguliwa na maji.

Siku ya pensheni ya wazee
ile mashine ilikukataa mara tatu.
"Bibi, dole lako halina mistari."
Watu wakacheka, nikacheka nao.
Mbarouk hakucheka. Alikuwa akingoja pesa.

Mbarouk ni wangu. Tumbo hili.
Skuli alikwenda kwa kamba zako.
Akaja akawa mwenye ufunguo wa chumba changu,
anafunga kwa nje, awaambie watu wa Kangagani
mama siku hizi hupotea njia.
Mie sijapotea njia hata siku moja.
Nilikuwa nakwenda kwa jirani kuomba chumvi.

Siku alonisukuma, nikaangukia mbuzi ya nazi,
nilisema nimeteleza.
Mara ya pili nikasema nimeteleza.
Mara ya tatu Zuwena akanitazama mkono, akanyamaza,
kisha akauliza:
"Na sakafu yenu hii, bibi,
huteleza siku za pensheni tu?"

Zuwena ni msaidizi wa sheria.
Bibi yake alikuwa mfua makumbi mwenzangu.
Huja kwa baiskeli, na daftari la skuli lenye picha ya twiga.
Hakuniambia, "Stahamili, ni mwanao."
Wengine wote waliniambia hivyo,
na sheha vilevile, kabla hajaletewa barua.
Mficha uchi hazai, wasema.
Mie nilikwishazaa; aibu yangu ndiyo niliyoizaa.

Akaja na nakala ya karatasi:
mikarafuu minane niliyorithi kwa baba, Mzee Faki,
imeuzwa,
na chini pana alama ya dole.
Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.
Mistari imejaa, imezungukana
kama ukili wa mkeka mpya.
Akakushika wewe, akakupaka wino,
akakubandika kwenye ukurasa.
Doa. Doa tupu,
kama tone la chai.

"Bibi, hili la karatasini ni dole la nani?"

Nililijua.
Lilikuwa halitoki kinywani
mpaka mwenyewe akatimiza miaka minne.
Nililipaka shubiri, akalia, nikalifuta.

Sikujibu siku ile.
Nilijibu baada ya siku tisa.

Hakimu ataniuliza nataka nini.
Sitaki afungwe. Liandike hilo juu kabisa, nimemwambia Zuwena.
Nataka mikarafuu yangu,
kitambulisho changu cha pensheni kikae kifuani mwangu,
na komeo la chumba changu liwe upande wa ndani.
Zuwena kasema: "Nitayaandika yote, bibi,
lakini la hakimu siwezi kukuahidi."
Nikampenda kwa hilo.

Tangu hati ya wito ifike
Mbarouk hafungi tena mlango.
Wala hasemi nami.
Usiku namsikia akitembea ukumbini, anasimama hapo nje,
anarudi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, najua.
Ndiyo maana hukwendi peke yako.
Haya, baiskeli hiyo inagongeshwa ukutani, ndiye yeye.
Nipe baibui. Usitetemeke, au tetemeka tu,
wino hautajali.

Mwenyewe bado amelala.
Uji wake upo pale jikoni,
nimeufunika kwa kawa.